Kuufuata mgawo wa samaki: siku kumi na moja katika bandari za Iceland

Reykjavík, Jumapili, 2 Juni 2024

Nimetua katika siku ambayo mabaharia wa nchi hii hawaendi baharini. Jumapili ya kwanza ya Juni ni Siku ya Mabaharia, na vyombo vilivyobanana katika gati la Grandi vilikuwa vimepambwa bendera kuanzia omo hadi tezi, huku watoto wakipita katikati ya meza za barafu wakiwagusa samaki waliotandazwa ili watazamwe. Alinipokea mwenzangu wa Kisumu, ambaye aliwahi kusoma hapa miezi sita katika programu ya mafunzo ya uvuvi inayopokea wataalamu kutoka nchi zinazoendelea tangu 1998. Aliponiona nimejikunyata alicheka akasema, “Karibu sana, Bwana Samaki. Hiki ndicho kiangazi chao.”

Nimekuja kuangalia kitu kimoja tu. Kila tunapokaa Kilwa kujadili uvuvi wa pwani yetu, hukosi mtu wa kuitaja Iceland kama nchi iliyokwisha kupata dawa: mwenye chombo hupewa sehemu yake ya samaki wa taifa, yaani mgawo, kwa maandishi, huruhusiwa kuiuza au kuikodisha, na kwa kuwa sehemu hiyo ina thamani mkononi mwake, huacha kuvua kama mtu anayekimbizwa. Mantiki hiyo naifahamu. Nisichokifahamu ni karatasi ile huenda wapi baada ya kutolewa, na inapoondoka mahali huondoka na nini. Nitaifuata bandari kwa bandari.

Alasiri tuliingia katika makumbusho ya bahari, yaliyomo ndani ya jengo lililokuwa kiwanda cha kugandisha samaki. Sehemu kubwa inahusu ugomvi na Uingereza: mpaka wa uvuvi uliosogezwa hadi maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972 na maili 200 mwaka 1975, hadi mapatano ya Juni 1976 yaliyowaondoa wageni. Wenyeji husimulia habari hii kwa fahari, na wana haki. Lakini kuondoka kwa wageni hakukuwaokoa samaki. Vijiji vilikwisha kununua meli zao za kukokota nyavu kwa msaada wa serikali, na mwaka 1981 wenyeji walivua takriban tani 460,000 za chewa, kiasi ambacho bahari haikuweza kukistahimili.

Niseme neno kuhusu jina. Samaki huyu kamusi zetu humwita chewa, na mvuvi wa Kilwa atakayemwona atakataa, maana chewa wetu wa mwambani ni mwingine kabisa. Nikilichukua jina lake la Kiingereza nikaliandika kwa sauti zetu linakuwa “kodi”, jambo ambalo katika mada ya ada na malipo litawachanganya wasomaji zaidi. Nitamwita chewa wa kaskazini, na watu wa Kilwa wanisamehe.

Hafnarfjörður, Jumatatu, 3 Juni

Taasisi ya utafiti wa bahari iko ukingoni mwa bandari, hivi kwamba watafiti wakichungulia dirishani wanaiona meli yao. Tulipokewa kwa kahawa nyingi na maneno machache. Tangu 1985, kila Machi meli hukokota nyavu katika vituo vilevile kuizunguka nchi nzima, na kutokana na vipimo hivyo hukadiriwa uzito wa chewa wote wenye umri wa miaka minne na kuendelea. Kanuni ya sasa inaruhusu kuvua asilimia 20 ya uzito huo. Kwa mwaka wa uvuvi wa sasa, ulioanza tarehe 1 Septemba 2023 na utakaokwisha tarehe 31 Agosti 2024, jumla iliyoruhusiwa ni takriban tani 211,000. Asilimia 5.3 huwekwa kando kwa ajili ya vijiji vidogo na boti ndogo, na kinachobaki huzidishwa kwa hisa ya kila chombo. Mwenye hisa ya asilimia 0.1 katika mwaka wenye tani 200,000 za kugawana ana tani 200 zake. Bahari ikikunjuka naye hukunjuka, ikikunjamana naye hukunjamana.

Kwa hiyo kuna vitu viwili, na ni vizuri kuvitenganisha tangu mwanzo. Kuna hisa, ambayo ni ya kudumu na huuzwa kama shamba. Na kuna kilo za mwaka zinazotokana na hisa hiyo, ambazo hukodishwa kama mtu anavyokodisha shamba kwa msimu mmoja. Karibu kila kilio nitakachokisikia, naambiwa, kinatoka katika nafasi iliyo kati ya mwenye shamba na mwenye kukodi.

Mfumo haukuzuka kwa siku moja. Heringi, samaki wadogo waendao kwa makundi makubwa, waliporomoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na uvuvi wao ulipofunguliwa tena mwaka 1975 kila chombo kilipewa kiwango chake; mwaka 1979 viwango hivyo vikaruhusiwa kuhama kutoka chombo hadi chombo. Kwa chewa walijaribu kwanza kuhesabu siku za baharini, kuanzia 1977. Matokeo yake ningependa yasomwe na kila anayedhani kuwa kupunguza siku kunatosha: meli kubwa zilianza na siku 323 kwa mwaka, na kufikia 1981 zilibaki na 215, huku wenye meli wakinunua injini na nyavu kubwa zaidi ili kila siku iliyobaki ilete zaidi. Gharama zilipanda na samaki hawakuongezeka. Mchumi wa Kanada H. Scott Gordon alikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 1954, kwamba mahali ambapo kila mtu anaweza kuingia, faida ya bahari yenyewe huliwa na mafuta, mbao na chuma cha washindani hadi isibaki kitu.

Mwaka 1984 chewa wa kaskazini na samaki wengine wa chini ya bahari wakagawanywa kwa vyombo, kipimo kikiwa kile ambacho kila chombo kilivua katika miaka mitatu iliyotangulia. Sheria ya 1990, iliyoanza kutumika Januari 1991, ikazifanya hisa kuwa za kudumu na za kuuzika. Nilimwomba mwenyeji wetu arudie, ili nihakikishe kuwa nimesikia vizuri. Aliyepewa hisa ni mwenye chombo. Hakupewa nahodha aliyeyajua maficho ya samaki, wala baharia aliyekatwa kidole na winchi, wala mwanamke aliyesimama miaka 20 kwenye meza ya minofu, wala kijiji kilichodhamini mkopo wa meli. Tena alipewa bure.

“Tajiri ndiye aliyeandikwa,” mwenzangu alisema kwa Kiswahili, akitumia neno ambalo mabaharia wetu humwitia mwenye chombo. Katika shajara yangu nimelipigia mstari.

Stykkishólmur, Jumanne, 4 Juni

Tulipita Akranes asubuhi kwa njia ya chini ya bahari iliyofunguliwa 1998. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya mji huu iliunganishwa na kampuni ya Reykjavík, hisa zikawa chini ya paa moja, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba ukataji wa samaki utahamishiwa Reykjavík. Watu 86 ndio walioguswa. Ukiitazama Akranes leo huoni mji uliokufa, kwa sababu mji mkuu uko umbali wa chini ya saa moja kwa gari na watu huenda kazini na kurudi. Nimeliandika hili kwa sababu maumivu ya kuhama kwa mgawo yanategemea sana kilichopo jirani. Huko tunakokwenda hakuna kilichopo jirani.

Upepo wa kaskazini umevuma mchana kutwa. Upande wa kaskazini wa nchi theluji inaanguka, na ni mwezi wa Juni.

Patreksfjörður, Jumatano na Alhamisi, 5 na 6 Juni

Feri ilituvusha ghuba ya Breiðafjörður, na baada ya milima miwili mitatu tukaikuta bandari ikiwa imejaa boti ndogo zilizofungwa kwa sababu ya upepo. Hizi ni boti za uvuvi wa pwani wa kiangazi, mpango ulioanzishwa mwaka 2009 kwa wasio na mgawo. Anayeingia huvua kwa mishipi tu, isiyozidi minne, inayochezeshwa na mashine ndogo. Hutoka Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia Mei hadi Agosti, siku zisizozidi 12 kwa mwezi. Safari haizidi saa 14. Na samaki wake wa siku hawazidi takriban kilo 770 kabla ya kupasuliwa. Wote kwa pamoja mwaka huu wana fungu moja la tani 10,000 za chewa, na likiisha kila mtu hurudi nyumbani hata kama Agosti haijafika.

Nilikaa Jumatano nzima katika kibanda cha kahawa cha bandari nikiwasikiliza wazee watatu na kijana mmoja. Kijana alinifundisha zaidi. Babu yake aliwahi kuwa na boti yenye hisa. Aliiuza miaka ya 1990, akajenga nyumba, akastaafu vizuri. Mjukuu anapotaka kuwa mvuvi lazima anunue kile alichokiuza babu, kwa bei inayohesabu faida ya miaka mingi ijayo, au akodi kilo za mwaka kutoka kwa kampuni yenye hisa nyingi kuliko inavyotaka kuvua yenyewe. Kodi hiyo imewahi kufikia zaidi ya nusu ya bei ya samaki mnadani. Baada ya mafuta, chambo, barafu na mkopo wa boti, kinachobaki ni sawa na ujira ambao angeupata kwa kuendesha lori, isipokuwa lori halizami.

Hapa nimeanza kuona kile nilichokuja kukitafuta. Mfumo uliirudisha faida ya bahari iliyokuwa ikiliwa na mbio za meli, hilo halina ubishi; lakini faida hiyo haikutawanyika kwa wanaovua. Ilijificha ndani ya bei ya hisa. Aliyekuwa na hisa siku ya kwanza aliipata yote kwa mkupuo mara alipouza, na kila aliyekuja baada yake anavua katika bahari yenye nafuu huku mfuko wake ukiwa ule ule wa bahari iliyochoka.

Mmoja wa wazee aliongeza jambo ambalo sikulitarajia. Kodi ya mgawo, alisema, huwatia watu majaribuni, kwa sababu inalipwa kwa kilo bila kujali ukubwa wa samaki: ukimleta nchi kavu samaki mdogo mwenye bei duni, unaweza kupata hasara juu ya kilo uliyoikodi. Kutupa samaki baharini ni kosa kisheria, na chombo kinaweza kushusha hadi asilimia 5 ya shehena nje ya mgawo wake, ilimradi asilimia 80 ya mapato ya sehemu hiyo iende kwenye mfuko wa utafiti. Tangu 2021 wakaguzi hurusha droni juu ya vyombo. Mzee alinyanyua macho darini kana kwamba moja inapita.

Na mabaharia? Huku, kama kwetu, mshahara ni mgao wa mapato ya shehena. Wenye vyombo waliokodi mgawo walianza kuikata kodi hiyo kabla ya kugawana, kwa hiyo baharia akawa anamnunulia tajiri haki ya kuvua. Ilichukua migomo zaidi ya mmoja katika miaka ya 1990, na sheria sasa inakataza. Mwenzangu alinikumbusha jinsi mitumbwi ya Ziwa Victoria inavyotoa mafuta na sehemu ya chombo kwanza kabla baharia hajaona senti, na hakuna anayeona ajabu.

Bandari hii imo pia katika vitabu vya sheria. Mwaka 1999 chombo cha hapa kiitwacho Vatneyri kilitoka kuvua bila mgawo, kwa makusudi, ili kesi ifunguliwe. Mahakama ya wilaya iliwaachia washtakiwa Januari 2000, ikiona kwamba haki ya kufanya kazi haiwezi kufungiwa kwa wachache; miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikatengua na kuwatia hatiani. Wavuvi wengine wawili walipeleka malalamiko yao hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo Oktoba 2007 iliona kwamba kuwapa haki ya kudumu wale tu waliokuwa wakivua katika miaka ile ya mwanzoni mwa 1980 ni ubaguzi. Uvuvi wa kiangazi ulianzishwa miaka miwili baadaye. Wachumi wengi hawaupendi kwa sababu umezirudisha zile mbio, na hawakosei. Jumatano upepo ulikuwa mbaya, na Alhamisi ulipopungua kidogo tu niliziona boti zikitoka kwenye mawimbi ambayo nahodha mwenye mgawo wake mwenyewe angeyatazama kutoka dirishani. Kijana alirudi saa mbili usiku, jua likiwa bado juu. Mzani wa bandari ulisoma kilo 762. Alikuwa amelowa hadi kiunoni, na alikuwa akipiga mluzi.

Flateyri, Ijumaa, 7 Juni

Ukisimama kando ya kanisa la Flateyri unaona kijiji chote: mitaa michache juu ya ulimi wa kokoto, na nyuma yake kingo kubwa za udongo zilizojengwa baada ya maporomoko ya theluji ya Oktoba 1995 yaliyoua watu 20. Kijiji kilijengwa upya. Mwaka 2007 kikapata msiba wa aina nyingine, usio na kelele. Kampuni iliyokuwa imeajiri zaidi ya watu 100, katika kijiji chenye watu mia tatu na kitu, iliuza vyombo pamoja na mgawo. Hakukuwa na uvunjaji wa sheria wala ujanja. Madeni yalikuwa mazito, sarafu ya nchi ilikuwa imepanda ikiwapunja wauzaji wa nje, na bei ya hisa ilikuwa juu. Mwuzaji yeyote mwenye akili angeuza. Wiki chache baadaye serikali ikatangaza kupunguza chewa kutoka tani 193,000 hadi 130,000, kwa hiyo hata muda ulimpendelea aliyeuza.

Nilitembea saa nzima nikihesabu nyumba zenye mapazia yaliyofungwa. Jirani wa nyumba tuliyolala alinieleza kwamba nyingi ni za watu wa Reykjavík wanaokuja majira ya joto, na kwamba zilinunuliwa kwa bei ya chee wakati ule. Jambo hili vitabu vya uchumi wa uvuvi hulitaja kwa sentensi moja, nami naona lilistahili sura nzima. Mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na akiba moja maishani, nayo ni nyumba. Na thamani ya nyumba ile ilisimama juu ya mgawo ambao haukuwa wake. Karatasi iliposafiri, thamani ya nyumba ilisafiri nayo, lakini malipo yaliingia katika mfuko mmoja. Wapolandi wa kiwandani waliokuwa wamepanga nyumba walifungasha na kuhama. Aliyekuwa amejenga ndiye aliyekwama.

Mgawo wa hisani upo. Lile fungu la asilimia 5.3 hutoa tani kwa vijiji kama hiki, na Flateyri imepokea, ikaanza upya, ikafungwa, ikaanza tena. Mwenyeji wetu aliufananisha na kupewa samaki kila mwaka kwa barua badala ya kuwa na bahari. Mwaka 2020 theluji ilishuka tena, safari hii bandarini, ikazamisha boti kadhaa.

Kuna duka la vitabu lililofunguliwa 1914, ambapo vitabu vya mitumba huuzwa kwa kilo kwenye mzani wa zamani. Nilinunua gramu 640 za lugha nisiyoijua.

Ísafjörður, Jumamosi, 8 Juni

Siku fupi. Kila mtu wa makamo hapa anaikumbuka Guðbjörg, meli ya manjano iliyokuwa fahari ya mji, ambayo mwaka 1997 iliingia pamoja na mgawo wake katika kampuni kubwa ya kaskazini, watu wakiamini kuwa itabaki ya manjano na itaendelea kutoka Ísafjörður. Haikubaki. Imani ile imekuwa msemo wa mzaha unaotumika kila mwanasiasa anapotoa ahadi.

Upande wa pili wa mji huohuo kuna kampuni inayotengeneza dawa ya vidonda kutokana na ngozi ya chewa, iliyouzwa mwaka 2023 kwa Wadenmark kwa thamani ya hadi dola bilioni 1.3. Watetezi wa mfumo huitaja kama ushahidi kwamba samaki aliyepimwa mapema huthaminiwa hadi ngozi. Kuna ukweli ndani yake. Vichwa vya chewa hukaushwa kwa joto la ardhini na kupelekwa Nigeria, ambako ni kitoweo cha heshima. Wakati wa mbio, vitu hivi vilikuwa uchafu wa kutupwa.

Siglufjörður, Jumapili, 9 Juni

Tumeendesha gari tangu alfajiri, mitaro ikiwa imejaa theluji. Sehemu ya makumbusho ya heringi imo ndani ya jengo lilelile la kutia chumvi, na kitu kilichonigusa ni vyumba vya ghorofani vya wasichana waliokuja kila kiangazi kusafisha heringi, vitanda viwili viwili, nguo zao zikiwa bado zimetundikwa. Mji ulikuwa na watu zaidi ya 3,000. Sasa ni kama 1,200. Heringi walivuliwa na kila aliyeweza, Wanorwe na Warusi pamoja na wenyeji, hadi wakakatika, na mwaka 1969 hapakuwa na kitu cha kutia chumvi. Hakuna aliyeuza mgawo hapa. Hakukuwa na mgawo wa kuuza.

Mwenzangu alikaa kimya kwa muda mbele ya picha ya gati lililojaa mapipa. Kisha akasema kwamba akifumba macho anaona mialo ya sangara. Niliuweka ukurasa wa Flateyri kando ya ukurasa huu, maana si haki kuusoma mmoja bila mwingine: kijiji kinaweza kufa kwa sababu samaki wameuzwa kwa karatasi, na kinaweza kufa kwa sababu hapakuwa na karatasi yoyote. Tofauti ni kwamba katika kifo cha kwanza samaki bado wapo baharini, wakivuliwa na mwingine.

Dalvík, Jumatatu, 10 Juni

Kiwanda kilichofunguliwa hapa mwaka 2020 ndicho sehemu ya safari iliyonifanya niache ukaidi. Mnofu hupita chini ya mionzi inayoona mifupa, kisha maji yenye msukumo mkali huukata kwa pembe inayofuata mfupa, bila kisu na karibu bila mkono wa mtu. Lakini mashine si siri yake. Siri ni kwamba meneja anajua leo ni tani ngapi zitafika Alhamisi. Kwa kuwa kilo za mwaka ni zake, na hakuna atakayemwibia bahari asipotoka leo, nahodha hupigiwa simu aende akawatafute samaki wa ukubwa fulani na arudi siku fulani, samaki wakiwa wamepozwa vizuri, ili minofu iingie dukani Ulaya ikiwa mibichi. Wakati wa mbio meli zilijaza ngama, samaki wakapondana, kiwanda kikagandisha mabonge ya bei ya chini, kisha kikakaa bure. Samaki yuleyule sasa analeta fedha zaidi, kwa meli chache na mafuta machache.

Nilimwuliza meneja kama angeweza kujenga kiwanda hiki bila kuunganisha hisa za bandari nyingi. Alijibu hapana, bila kuzunguka. Sheria inaikataza kampuni moja kuzidi asilimia 12 ya mgawo wote wa nchi, na kikomo hicho kina ubishi wake, hasa juu ya nani ahesabiwe kuwa ndugu wa nani katika kampuni zinazomilikiana. Hata hivyo hesabu ni moja: ufanisi wa Dalvík na mapazia yaliyofungwa ya Flateyri ni zao la muamala uleule. Wanaousifu mfumo huu hupenda kuonyesha Dalvík, na wapinzani wake huwapeleka wageni Flateyri, na inawezekana kabisa kwa mgeni wa wiki moja kutoka hapa akiwa ameiona nusu tu.

Reykjavík, Jumanne, 11 Juni

Tulipanda basi kurudi kusini, na jioni tukakaa na maofisa wawili wastaafu ambao hawakubaliani juu ya lolote isipokuwa kahawa. Mada ilikuwa ada ya uvuvi. Sheria yake ilipitishwa 2002, ikaanza kutozwa 2004, ikapandishwa sana mwaka 2012, na kwa utaratibu uliowekwa 2018 ni asilimia 33 ya faida ya kuvua kama inavyokokotolewa kwa kila aina ya samaki.

Wa kwanza alisema kuwa ibara ya kwanza ya sheria ya uvuvi inatamka wazi kuwa samaki ni mali ya pamoja ya taifa na kwamba mgawo haumpi mtu umiliki. Kwa hiyo anayetumia mali ya watu alipe pango. Alikumbusha kura ya Oktoba 2012, ambapo takriban asilimia 83 ya waliolijibu swali hilo walitaka maliasili zisizo na mmiliki binafsi zitamkwe kwenye katiba kuwa za taifa, na katiba hiyo mpya hadi leo haijapitishwa. Wa pili alijibu kuwa sehemu kubwa ya hisa zimebadilisha mikono tangu 1984. Aliyepo leo alizinunua kwa mkopo, kwa bei iliyokwisha kuibeba faida yote, na waliopewa bure walishachukua chao wakaenda kununua maduka Reykjavík. Kumtoza mnunuzi ni kumlipisha mara mbili, na aliyepata dezo hafikiki tena.

Naona wote wawili wako sahihi, na ndiyo maana ubishi hauishi. Ada ilikuwa rahisi kuitoza siku ambayo hisa hazikuwa na bei. Kila mwaka uliopita bila ada ulihamisha haki kutoka kwa aliyepewa kwenda kwa aliyenunua, na kila ununuzi uliongeza idadi ya watu, zikiwemo benki, ambao wangeumia kama kosa lingesahihishwa. Niliwaambia hivyo kwa Kiingereza changu cha Kilwa. Wa pili alinikumbusha, kwa upole, kwamba mwaka 1984 uvuvi ulikuwa ukipata hasara na hakukuwa na faida ya kutoza. Kama wenye vyombo wangeambiwa walipe, wasingekubali mgawo wowote. Nimelifikiria usiku huu. Labda ni kweli. Lakini ingewezekana kuandika siku ileile kwamba ada itaanza faida itakapoanza, au kwamba hisa ni ya miaka 15 kisha irudi, au kwamba sehemu yake iandikwe jina la kijiji na si la chombo. Maandishi hayo yasingemgharimu mtu kitu mwaka 1984.

Katika taarifa nitakayoiandika nyumbani, ukurasa wa kwanza hautahusu soko la mgawo. Utahusu orodha: nani ataandikwa, kwa kipimo gani, kwa muda gani. Kilwa hatuna hata mizani katika madiko mengi, na pweza tunaofunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili wakue tunawalinda kwa makubaliano ya kijiji, bila hati ya mtu binafsi. Ikija siku hati zikatolewa, mwanamke anayechokoa pweza kwa mguu wakati wa bamvua hana chombo cha kumwandikisha.

Keflavík, Jumatano, 12 Juni

Njiani kwenda uwanja wa ndege moshi ulikuwa ukipanda upande wa Grindavík, ambako ardhi imepasuka tena tangu tarehe 29 Mei. Dereva alitueleza kwamba mwaka 2014 kampuni moja ilifunga ukataji wa samaki Húsavík, Djúpivogur na Þingeyri, ikaukusanya wote Grindavík kwa ajili ya ufanisi. Na Novemba 2023 Grindavík nzima ikahamishwa usiku mmoja kwa sababu ya volkano. Hakusema zaidi, na hatukumwuliza.

Mwenzangu aliniaga mlangoni kwa kunikumbatia. “Safari njema, ndugu yangu. Usisahau taarifa.” Nimepata kiti cha dirishani. Chini ya bawa vijana wawili wanapakia masanduku meupe ya minofu kwenye tumbo la ndege hii ya abiria, na kwenye lebo ya lile lililo karibu nimeweza kusoma tarehe ya juzi. Mmoja amelihesabu la mwisho, ameandika kitu kwenye karatasi, na mlango wa shehena umefungwa.